Je, wajua kwa nini benki Uingereza inaweza kumkataa wakili wako wa nyumba?

Mtu amejibana miaka kupata dipoziti, benki imempa ofa ya mogeji, yani mkopo wa kununulia nyumba, wakili wa kushughulikia nyumba ameshampata na anamwamini maana ndo aliyemfanyia shemeji yake, halafu benki inamwambia huyo wakili hatuwezi kufanya naye kazi, hayupo kwenye paneli yetu. Lazima ushangae. Wakili ana leseni, hana kesi, ada unalipa wewe kutoka mfukoni mwako, sasa benki inaingiaje hapo?

Inaingia kwa sababu wakili huyo sio wako peke yako. England na Wales ukinunua nyumba kwa mogeji, kwa kawaida solisita mmoja anakuwakilisha wewe na benki kwa pamoja, faili moja, wateja wawili. Inaokoa hela na muda, na inaruhusiwa mradi maslahi yenu hayagongani. Kwahiyo ile paneli ni orodha ya mawakili ambao benki yenyewe imekubali kuwa mteja wao. Wanaweza kuwa masolisita, wanaosimamiwa na Solicitors Regulation Authority, au konveyansa wenye leseni, yani wataalamu wa uhamishaji wa nyumba waliopewa nafasi na sheria ya mwaka 1985, wao wana msimamizi wao anaitwa Council for Licensed Conveyancers.

Ili uelewe kwa nini benki zina wivu na orodha hii, angalia pesa inavyotembea. Wakili akishamaliza kukagua nyumba anasaini cheti cha hatimiliki, karatasi inayoiambia benki kwamba hati ni safi na rehani yake itakaa salama, na benki ikishapata hiyo inatuma mkopo wote kwenye akaunti ya wateja ya ofisi ya wakili. Wewe hauzioni hizo pesa. Kuanzia hapo mpaka zifike kwa upande wa muuzaji, laki kadhaa za pauni zinamtegemea mtu mmoja aliyekaa kwenye kompyuta pengine kwenye ofisi ya watu wanne juu ya duka.

Na yameshatokea. Kuna kesi ya AIB dhidi ya Mark Redler iliyofika Mahakama ya Juu mwaka 2014. Benki ya AIB ilitoa mkopo wa pauni milioni 3.3 kwa nyumba iliyokuwa na deni la benki ya Barclays, na sharti lilikuwa Barclays ilipwe yote kwanza ili AIB ishike nafasi ya kwanza ya kulipwa nyumba ikiuzwa, ila deni la Barclays lilikuwa kwenye akaunti mbili na ofisi ya mawakili ikalipa hesabu ya akaunti moja tu, zikabaki kama pauni 309,000. Basi Barclays ikaendelea kuwa mbele. Wakopaji wakashindwa kulipa, nyumba ikauzwa mwaka 2011 kwa pauni milioni 1.2 tu, AIB ikadai karibu milioni 2.5 kwa mawakili na mwisho mahakama ikawapa kama pauni 273,000. Hapo hakuna mwizi, ni hesabu moja iliyosomwa vibaya.

Ya wizi ni ile ya Lloyds TSB dhidi ya Markandan & Uddin, Mahakama ya Rufaa, 2012. Ofisi ilituma pauni 742,500 kwa waliodhani ni mawakili wa muuzaji, kumbe matapeli wamefungua tawi feki kwa jina la ofisi halali na mwenye nyumba halisi wala hajui kama nyumba yake "inauzwa". Mahakama ikasema ofisi hiyo imevunja amana, yani wajibu wa kuitunzia benki pesa zake, na inawajibika, ingawa na yenyewe ilikuwa imetapeliwa. Siku hizi wakili wa mnunuzi ambaye hajathibitisha kwamba mawakili wa upande wa pili ni wa kweli anacheza na nafasi yake kwenye paneli.

Sasa wakili anaingiaje kwenye paneli? Anaomba, kila benki kivyake au kupitia mfumo wa pamoja kama Lender Exchange ulioanza 2013 ambapo ofisi inaweka taarifa zake sehemu moja na benki kadhaa zinazisoma. Zinaangaliwa leseni, wamiliki ni kina nani, kuna adhabu yoyote ya kinidhamu, akaunti ya wateja inakaguliwaje, na bima ya makosa ya kikazi. Kwa masolisita kima cha chini ni pauni milioni 3 kwa kila dai kama ofisi ni kampuni, milioni 2 kama sio, na benki haziangalii kiwango tu, zinataka kujua pia madai yaliyopita. Juu ya hapo benki nyingi zinataka solisita awe na CQS, yani Conveyancing Quality Scheme ya Law Society, chama cha masolisita, ithibati ambayo ofisi inailipia na kuihuisha, wafanyakazi wanasoma mafunzo yake na lazima awepo mkubwa mmoja anayebeba dhamana ya kazi yote ya nyumba.

Zamani haikuwa hivi, wakili mwenye leseni safi alikuwa anakubalika karibu kila mahali. Baada ya msukosuko wa kifedha wa 2008 benki zikaanza kufukua mikopo iliyooza, zikakuta utapeli na uzembe, na paneli zikaanza kukatwa. Panga lililopigiwa kelele zaidi ni la benki ya HSBC, Januari 2012, ilipobakisha ofisi 43 tu kwa nchi nzima. Mawakili walilalamika, wateja wakalalamika, na baadaye benki ikalegeza ikawafungulia wenye CQS.

Kuingia ni nusu ya kazi, kubaki ndo mtihani. Kuna kitabu cha maelekezo cha UK Finance, umoja wa benki na wakopeshaji, sehemu ya kwanza ni sheria za wote na sehemu ya pili ni matakwa ya kila benki, na yanabadilika mara kwa mara kwahiyo wakili makini anafungua tena kwa kila faili hata kama jana tu alifanya ya benki hiyohiyo. Muuzaji amemiliki nyumba chini ya miezi sita? Iripoti. Muuzaji anakurudishia hela pembeni, au bei imeshuka kimyakimya? Iripoti. Dipoziti imetoka kwa mjomba? Baadhi ya benki zinataka kujua, na hapa watu wengi wanamkasirikia wakili wakiona anawachimba, wakati yeye akinyamaza ndo anawekwa nje. Ukikataa aiambie benki kitu ambacho lazima ikijue, wewe ni mteja wake na siri yako ataitunza, lakini kuendelea kuiwakilisha benki hataweza tena na mkopo unakwama hapo.

Funguo ukishapewa kazi haijaisha. Fomu ya kodi ya stempu ina siku 14 kwa England, na maombi ya kusajili rehani yanatakiwa yafike HM Land Registry, ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi, ndani ya siku 30 za kazi ambazo nafasi yenu inalindwa kutokana na upekuzi wa mwisho wa rejista anaoufanya wakili kabla ya kulipa. Ofisi zenye mafaili yaliyolala bila kusajiliwa zinaonekana, benki zinafuatilia. Ofisi ikiungana na nyingine, ikibadilisha jina, ikiondokewa na mkubwa wake, lazima iseme. Na kuna mawakili wanaoondolewa bila kosa, eti kwa sababu mwaka mzima hawajaleta kazi za kutosha za benki hiyo.

Hilo la mwisho mimi naliona sio haki kabisa. Benki ina kila sababu ya kulinda pesa zake, lakini wakili wa mji mdogo anayefanya nyumba chache na kuzisoma hati zote kwa macho yake mwenyewe anakatwa, huku ofisi yenye mamia ya mafaili ambako hata haujui nani anashika la kwako inabaki kwa kuwa namba zake nzuri. Wingi wa mafaili sio kipimo cha uaminifu, na anayeumia ni mteja anayebaki na machaguo machache.

Wakili wako asipokuwepo kwenye paneli njia ni mbili kwa kawaida, umbadilishe au benki iweke wakili wake yenyewe mbali na wako, na hapo kwa kawaida unalipia wote wawili na tarehe zinasogea. Waliokopa Kenya hawatashangaa, benki za huko nazo zina paneli ya mawakili na ya wathamini, ila kule wakili wa benki anayeandaa rehani mara nyingi ni mwingine na wako, na bili yake unaletewa wewe.

Kwahiyo kabla haujalipa hata senti ya upekuzi muulize wakili kwa imeili, taja jina kamili la benki, uliza kama yupo kwenye paneli yao ya kununua. Hilo la kununua litaje, maana ile huduma ya wakili wa bure unayopewa ukihamisha mogeji kwenda benki nyingine mara nyingi ina orodha yake ndogo tofauti. Na dalali wako wa mikopo akikwambia katikati ya safari kuna benki nyingine yenye riba nafuu, uliza upya siku hiyohiyo, jibu la benki ya kwanza halihamii kwa ya pili.