Je, wajua kwa nini skana, ile programu ya kutafuta matundu ya usalama kwenye programu nyingine, inaweza kusema "hakuna tatizo" na bado ukaibiwa?

Programu nyingi tunazotumia saivi, aliyeziandika kaandika sehemu ndogo tu, kilichobaki ni laibrari, yaani kodi zilizokwisha andikwa na watu wengine, kachukua mtandaoni bure, moja ya kupokea mafaili, moja ya tarehe, moja ya kuandika logi, yaani kumbukumbu za kinachotokea kwenye programu. Na hizo laibrari nazo zimebeba laibrari zao, ndo maana unaongeza kitu kimoja kwenye projekti ya Node (mfumo wa kuendesha JavaScript kwenye seva) unakuta folda ya node_modules imejaa mamia ya vitu hujawahi hata kuvisikia. Hizo zote ni dependensi zako, na moja ikikutwa na tundu basi tundu ni lako hata kama hujaandika mstari wowote mbovu.

Sasa skana inajuaje? Wengi wanadhani inasoma kodi yote kutafuta ubaya. Hapana, hizi za dependensi zinasoma majina na namba za vesheni basi. Inafungua faili linaloorodhesha laibrari za projekti, package-lock.json kwa Node, au pom.xml kama ni Java, inapata mti mzima wa nani kamleta nani, halafu inalinganisha na orodha ya matundu yanayojulikana, yale yenye namba za CVE, mfumo ulioanzishwa na MITRE kule Marekani mwaka 1999. Ni kama mfamasia aliyepata tangazo la TMDA, mamlaka ya dawa Tanzania, kwamba bechi fulani ya dawa irudishwe, yeye hapimi dawa maabara, anaangalia namba kwenye boksi. Kwa hiyo maswali ni mawili tu: orodha inasemaje leo, na je, umeangalia kila boksi?

Hilo la pili ndo liliwamaliza Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu. Tarehe 7 Machi 2017 Apache, shirika linalotunza laibrari nyingi za bure, walitoa marekebisho ya tundu kwenye Struts, laibrari ya Java ya kutengenezea tovuti, CVE-2017-5638, ambapo mtu alikuwa anaweza kupachika amri kwenye kichwa cha ombi la kawaida tu la kupandisha faili na seva ikaitekeleza. Equifax walipata taarifa, wakatumiana barua pepe kwamba marekebisho yawekwe ndani ya saa 48, na tarehe 15 Machi wakaskani kweli! Skana haikuona kitu. Ripoti ya Bunge la Marekani ilikuja kueleza kwamba ilipita kwenye folda kuu tu, wakati Struts ilikuwa imekaa kwenye folda ya ndani. Mwezi Mei wezi wakaanza kuchota, wakakaa humo mpaka mwisho wa Julai, taarifa za watu kama milioni 147 zikaondoka, majina, tarehe za kuzaliwa, namba za hifadhi ya jamii. Mimi hapo naona jibu la uongo lilikuwa baya kuliko kutoskani kabisa, maana aliyeambiwa hakuna kitu anaacha kutafuta.

Na swali la kwanza, la orodha? Chukua Log4j, laibrari ya logi ya Java. Desemba 2021 ikajulikana kwamba ukiandika maneno yanayoanza na ${jndi:ldap:// mahali popote yatakapoishia kwenye logi, hata kwenye chati ya mchezo wa Minecraft, seva inaenda yenyewe kuchukua kodi ya mshambuliaji na kuiendesha. Uwezo huo ulikuwemo tangu 2013. Yaani aliyeskani Novemba 2021 aliambiwa yuko safi, akiskani tena katikati ya Desemba anakuta hatari ya alama 10 kwa 10, na hajagusa kodi. Halafu vesheni ya 2.15.0 iliyoletwa kurekebisha nayo ikakutwa na tundu, ikaja 2.16.0, ikaja 2.17.0, mwezi huo huo.

Google walipoangalia Maven Central, ghala kuu la laibrari za Java, walikuta pakiti zaidi ya 35,000 zimeguswa, na nyingi hazikuiita Log4j moja kwa moja, ililetwa na rafiki wa rafiki. Mbaya zaidi, Java inaruhusu kufungasha jar (faili linalobeba programu au laibrari) ndani ya jar nyingine, kwa hiyo skana inayosoma pom.xml yako peke yake inaweza isiione kabisa ile iliyofichwa ndani ya bidhaa uliyonunua.

Ndo maana skani ya siku ya kutoa programu haitoshi jamani, iwekwe ijiendeshe kila siku hata kama hakuna aliyegusa kodi, na iskani kile kinachokimbia kwenye seva sio faili la projekti tu. Ni kweli itapiga kelele nyingi, zingine za zana za majaribio ambazo hata haziendi kwa mteja, hizo zinaweza kusubiri, anza na zile zinazopokea kitu kutoka nje. Kama una projekti ya Node ya zamani ambayo bado iko hewani na haijaguswa mwaka mzima, ingia kwenye folda yake uandike npm audit, amri inayolinganisha dependensi zako na orodha ya matundu, kisha soma mistari yenye critical, yaani hatari kubwa kabisa, kwanza.