Kwa nini Wamarekani waliita tamthilia zao opera ya sabuni

Zile tamthilia ndefu za kila siku, za ndoa, mirathi na mtoto aliyepotea akarudi akiwa mtu mzima, Wamarekani huziita soap opera, yaani opera ya sabuni; opera ni mchezo wa jukwaani unaoimbwa. Ndani yake haimbi mtu wala hafui mtu. Jina hilo halielezi hadithi, linamtaja aliyegharamia. Walioweka fedha walikuwa watengenezaji wa sabuni, na walianza kuziweka katika miaka ambayo fedha zilikuwa zimeadimika nchi nzima.

Soko la hisa la New York liliporomoka Oktoba 1929. Kufikia 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne alikuwa hana kazi, na maelfu ya benki yalikuwa yamefunga milango huku akiba za watu zikiwa ndani. Kwenda sinema kulitaka tiketi. Redio, ukishainunua, hulipii tena kusikiliza. Sensa ya 1930 ilikuta redio katika nyumba takriban 4 kati ya 10, na ile ya 1940 ikaikuta katika nyumba zaidi ya 8 kati ya 10. Muongo ule ule uliowanyang'anya watu kazi ndio ulioijaza redio majumbani mwao.

Jioni zilikuwa za wachekeshaji na bendi za muziki. Saa za mchana wafanyabiashara wengi walizidharau, kwa kudhani kwamba mama aliye katikati ya kazi za nyumbani hana nafasi ya kusikiliza hadithi. Kampuni za sabuni zikapiga hesabu nyingine. Mama huyo ndiye anayechagua sabuni ya kununua, na nguo hufuliwa hata katika nyumba iliyoishiwa. Kisha masikio yake yako huru wakati mikono inamenya viazi au inapiga pasi.

Mtu wa kwanza kukumbukwa hapa ni Irna Phillips, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuingia redioni. Mwaka 1930, katika kituo cha WGN cha Chicago, alianza kuandika mchezo wa kila siku juu ya mama mmoja na familia yake, uliokwenda kwa jina la Painted Dreams. Yeye na kituo waligombania nani mwenye mali, kesi ikafika mahakamani na Phillips akashindwa. Hakuacha kuandika. Mwaka 1937 alianzisha mchezo mwingine, The Guiding Light, ambao ulihamia kwenye televisheni na kudumu hadi 2009. Kwa maoni yangu, hakuna aliyeitengeneza sanaa hii kuliko yeye, na inasikitisha kwamba jina lake halijulikani sana nje ya Marekani.

Lakini sabuni yenyewe iliingia kwa kishindo mwaka 1933. Procter & Gamble, kampuni ya Cincinnati, ilikuwa inasukumana sokoni na Lever Brothers, wenye sabuni ya unga ya Rinso. Ili kuiokoa sabuni yake ya Oxydol, ikadhamini mchezo uliobeba jina la bidhaa hiyo waziwazi: Oxydol's Own Ma Perkins. Ma Perkins alikuwa mjane mwenye yadi ya mbao katika mji mdogo wa kubuni, aliyekuwa akiamua ugomvi na kushauri majirani huku akilea watoto watatu. Sauti hiyo ya bibi mwenye hekima ilikuwa ya Virginia Payne, binti ambaye mchezo ulipoanza alikuwa na miaka 23.

Ufundi wa michezo hii ulikuwa hivi. Kila kipindi kilichukua dakika 15, Jumatatu hadi Ijumaa. Kilifunguliwa kwa kinanda, kisha mtangazaji akakumbusha yaliyopita, akasifia sabuni, ndipo hadithi ikaendelea kidogo tu. Mwendo ulikuwa wa pole kwa makusudi, ili aliyekosa siku mbili kwa sababu ya mtoto mgonjwa asipotee njiani. Siku ya Ijumaa fundo lilikazwa zaidi, mtu aondoke na swali la kumrudisha Jumatatu. Na ili mdhamini ajue kama fedha zake zinafika, wasikilizaji waliahidiwa zawadi ndogo, labda pakiti ya mbegu za maua, kwa kutuma kipande cha boksi la sabuni na senti chache. Mtu hapati kipande cha boksi bila kununua boksi, kwa hiyo magunia ya barua yalikuwa kipimo cha usikivu na cha mauzo kwa pamoja.

Neno "opera" lilikuwa dhihaka ya magazeti, nalo lilizoeleka mwishoni mwa miaka ya 1930. Filamu za wachunga ng'ombe zilikuwa tayari zinaitwa opera za farasi, hivyo machozi ya mchana yakapewa sabuni yake. Dhihaka hiyo ilikuwa na sumu ndani: burudani ya wanawake wanaofua haikuonekana kuwa sanaa. Mwaka 1942 daktari mmoja wa New York, Louis Berg, alidai hata kwamba michezo hii inadhuru afya ya wanaoisikiliza.

Wengi hueleza burudani ya wakati huo wa mdororo wa uchumi kuwa ni ya kukimbia shida: watu wenye njaa wakitazama majumba na nguo za hariri. Kwa baadhi ya filamu ni kweli. Kwa michezo hii maelezo hayo hayatoshi. Mama aliyemsikiliza Ma Perkins alikuwa anasikia mjane anayehangaika na familia, na madeni, na mume wa binti yake. Mtafiti Herta Herzog aliwauliza wanawake waliokuwa wakisikiliza, akachapisha matokeo miaka ya 1940. Aliwakuta wakipata machozi ya kupumulia na ndoto ya maisha mengine, lakini wengine walisema wanajifunza: namna ya kuzungumza na mume, kumkanya mtoto bila kumvunja moyo, kupokea msiba. Hao hawakuwa wanakimbia shida. Walikuwa wanatafuta mtu aliyekwisha kupita palepale walipo wao.

Mbinu hiyo ya kufundisha kwa hadithi isiyoisha ilikuja kuchukuliwa kwa makusudi, bila sabuni. Wasikilizaji wa Radio Tanzania wa miaka ya 1990 wataukumbuka mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza 1993, na dereva wa lori Mkwaju aliyeacha kila mtu akibishana juu ya UKIMWI na uzazi wa mpango.

Ma Perkins mwenyewe aliaga redioni tarehe 25 Novemba 1960, katika kipindi cha 7,065. Virginia Payne hakuwa amempisha mtu mwingine katika nafasi hiyo tangu mwanzo. Aliyeanza kwa kuigiza uzee akiwa binti alikuwa sasa na miaka 50, na siku hiyo aliwashukuru wasikilizaji kwa kuwa naye miaka 27.