Bastola ya mtumba yenye cheti cha kiwanda: maana yake hasa

Katika maduka ya silaha ya Marekani, kwenye kabati la kioo la bastola zilizotumika, utaona baadhi zimebandikwa kikaratasi chenye herufi CPO, kifupi cha “certified pre-owned”, yaani mtumba wenye cheti. Bei yake huwa katikati: juu ya mtumba wa kawaida, chini ya mpya. Herufi hizo zinadai kwamba bastola ilishatumika, ikarudi kwa kampuni iliyoiunda, mafundi wa kampuni wakaifungua na kuikagua, vipuri vilivyochoka vikabadilishwa, ikajaribiwa, kisha ikarudishwa sokoni ikiwa na waranti ya kampuni yenyewe. SIG Sauer ya jimbo la New Hampshire ni miongoni mwa watengenezaji waliouza bastola kwa jina hilo.

Mtindo wenyewe umeazimwa kwenye biashara ya magari. Wauzaji wa Lexus na Mercedes-Benz nchini Marekani waliueneza katika miaka ya 1990, walipojikuta na magari mengi yaliyorudishwa baada ya mikataba ya kukodi. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaujua ukaguzi wa gari la mtumba kutoka Japani, lakini kuna tofauti moja kubwa. Gari la Japani hukaguliwa na kampuni isiyolitengeneza wala kuliuza. Hapa anayekagua ndiye aliyetengeneza, na ndiye anayetaka kuuza. Hilo lina faida yake, maana hakuna anayeijua bastola hiyo kuliko kiwanda, na vipuri halisi kinavyo rafuni. Lina kasoro yake pia, na huhitaji kuelezwa.

Watu wengi wakiona neno cheti hudhani kuna mkono wa serikali nyuma yake. Haupo. Marekani ina tume ya shirikisho ya usalama wa bidhaa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, inayoweza kuamuru kikaango cha umeme au kitanda cha mtoto kiondolewe madukani. Sheria hiyo iliziweka silaha za moto nje ya mamlaka yake. Kwa hiyo hakuna kiwango cha taifa kinachosema bastola lazima ipite vipimo gani kabla ya kuitwa CPO. Kila kampuni inajiandikia orodha yake, na nyingine hazina mpango huo kabisa. Ndiyo maana swali la kwanza la mnunuzi linapaswa kuwa cheti ni cha nani, na mwenye cheti ameahidi nini kwa maandishi.

Bastola hizi nyingi zinatoka polisi. Hapa inafaa kurudi nyuma kidogo, kwa sababu historia hiyo inaeleza kwa nini soko lilijaa ghafla bastola nzuri za bei nafuu.

Tarehe 11 Aprili 1986, maofisa wa FBI walipambana kwa risasi na majambazi wawili wa benki mjini Miami. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Uchunguzi uliofuata uliilaumu risasi ya milimita 9 ya wakati huo kwamba haikupenya vya kutosha. FBI ikahamia kwenye risasi nzito ya milimita 10, ambayo mateke yake, yaani msukumo wa nyuma inapofyatuliwa, yaliwashinda wengi, na mwaka 1990 Smith & Wesson pamoja na Winchester wakatoa risasi fupi zaidi, .40 S&W. Idara za polisi zikaipokea kwa wingi. Glock 22 na SIG P229 za kaliba hiyo zikawa vitu vya kila kiuno. Kisha mwaka 2014 kitengo cha mafunzo cha FBI kikaandika kwamba risasi za kisasa za milimita 9 zinafanya kazi ile ile, zina mateke madogo, na askari wa kawaida anapiga shabaha vizuri zaidi akizitumia. FBI ikarudi kwenye milimita 9, na idara za miji na majimbo zikafuata.

Sasa idara yenye askari mia kadhaa inafanya nini na bastola zote za .40? Inazirudisha kwa mtengenezaji au kwa wakala wake, thamani yake inakatwa kwenye bei ya bastola mpya, na walipa kodi wanapunguziwa mzigo. Mtengenezaji naye anabaki na shehena ya mitumba. Anaweza kuiuza jinsi ilivyo kwa madalali wa jumla, au kuchagua iliyo bora, kuitengeneza na kuibandika cheti. Ukiona CPO nyingi ni za .40 na bei yake inavutia, sababu ndiyo hiyo.

Bastola ya askari ina maisha ya ajabu. Kutwa nzima imo ndani ya ala, inasuguana na ngozi au plastiki ngumu, inagongwa na mlango wa gari, inanyeshewa. Risasi inapigwa mara chache kwa mwaka, siku za majaribio ya shabaha. Matokeo yake ni silaha yenye sura ya kuchoka na moyo mpya. Rangi nyeusi imefutika kwenye pembe mbili za mbele, pale inapoingilia ndani ya ala, na chuma kinang'aa. Lakini ukichungulia ndani ya mtutu, michirizi inayozungusha risasi bado ina kingo kali. Anayenunua kwa macho ataikimbia hiyo na kuchukua nyingine inayometa iliyopigwa maelfu ya risasi na mpenda mashindano. Shida ni kwamba si kila bastola ya polisi ilikaa kiunoni. Chuo cha mafunzo nacho kina bastola zake, na hizo hupigwa na kila kundi la wanafunzi hadi chemchemi zinalegea. Namba iliyochongwa kwenye chuma haikuambii ipi ni ipi.

Kazi ya kiwanda inapata maana hapo. Springi ya kurudisha, ile inayosukuma mbele kipande cha juu baada ya kila risasi, ni kipuri cha kuchakaa kama breki za gari; bei yake ni ndogo, na ikichoka vipande vya bastola vinagongana, chuma kwa chuma, mpaka fremu ipate ufa. Fundi wa kiwanda anaibadilisha bila kubahatisha. Anaangalia kidole cha chuma kinachochomoa ganda la risasi, anaangalia reli za fremu, anahakikisha bastola haifyatuki pale isipotakiwa, anaweka magazini, yaani visanduku vya risasi, zinazofanya kazi. Mambo haya fundi mzuri wa mtaani anayaweza pia, ila yeye hatakuandikia waranti ya kampuni.

Sura ya nje mara nyingi huachwa kama ilivyo. Mikwaruzo itabaki, na wakati mwingine jina la idara ya polisi lililochongwa ubavuni litabaki pia. Wapo wanaolipenda jina hilo. Jambo jingine linalosahaulika ni vilengeo vya usiku, vile vyenye vidoti vya kijani vinavyowaka gizani bila betri. Ndani yake kuna gesi ya tritiumu, na tritiumu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3. Bastola iliyotoka kiwandani mwaka 2005 vidoti vyake sasa vimefifia mno, hata kama imesafishwa ikang'aa, na kuvibadilisha si bei ya kutupa. Ifunike kwa viganja viwili dukani uchungulie. Kama havijabadilishwa, utajua papo hapo.

Kwa P320 ya SIG kuna swali la ziada. Mwezi Agosti 2017 kampuni ilitangaza mpango wa hiari wa kuiboresha baada ya kuonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kujifyatua. Mpango ulikuwa wa hiari kwa sababu, kama nilivyosema, hakuna tume yenye uwezo wa kuamuru. Toka hapo zimefunguliwa kesi nyingi za watu wanaosema bastola ilijifyatua bila kuguswa. Kampuni inakanusha, lakini mwaka 2024 mabaraza ya raia wanaoamua kesi mahakamani (jury), la Georgia na la Philadelphia, yaliamua dhidi yake. Anayeuziwa P320 ya mtumba, yenye cheti au isiyo na cheti, aulize kama ilipitia maboresho ya 2017 na apate jibu kutokana na namba ya silaha yenyewe, asitegemee mdomo wa muuzaji.

Kuna majina mengine yanayouzwa kwenye kabati hilo hilo, na yanachanganywa makusudi. “Ya polisi iliyobadilishwa” inaeleza ilikotoka tu; haiahidi kwamba kuna aliyeifungua. “Iliyokarabatiwa” inaweza kuwa imekarabatiwa na yeyote, pamoja na duka lenyewe. Na duka lenye cheti chake lenyewe linakupa ahadi ya duka, ambayo inadumu kadiri duka linavyodumu. Ni cheti cha kiwanda pekee kinachokupa haki ya kuirudisha kiwandani. Binafsi ningelipa ziada hiyo kwa bastola ya chuma yenye vipuri vingi vidogo, kama P226 ya SIG. Kwa Glock ya kawaida nisingeona haja: vipuri vyake ni vichache, ni rahisi, na vinapatikana kila mahali, hivyo mtumba wa polisi pamoja na springi mpya vinatosha.

Kisheria, cheti hakipunguzi hata hatua moja. Bastola inapobadilisha mwenyewe kupitia duka, mnunuzi anajaza Fomu 4473 ya serikali ya shirikisho na duka linaomba ukaguzi wa rekodi zake katika mfumo wa FBI ulioanza Novemba 1998. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inamkataza muuzaji mwenye leseni kumuuzia bastola mtu wa chini ya miaka 21, ingawa umri huo unapingwa mahakamani. Ukiinunua mtandaoni kutoka jimbo jingine, haiji mlangoni kwako. Inatumwa kwa muuzaji mwenye leseni jimboni mwako, naye hutoza ada ya kuipokea. California inakusubirisha siku 10, na majimbo kadhaa hayaruhusu magazini ya zaidi ya risasi 10. Kujaza fomu kwa niaba ya mtu mwingine asiyeruhusiwa ni kosa la jinai ambalo, kwa sheria ya mwaka 2022, adhabu yake inafika miaka 15 jela. Kutumiwa na binamu pesa ili umnunulie silaha ambayo yeye hawezi kuinunua ni kosa hilo hasa.

Kwa Waswahili walioko Marekani kuna jambo zito kuliko yote hayo. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya kutembea, haruhusiwi na sheria ya shirikisho kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa anaingia kwenye mianya michache, wa kawaida ukiwa leseni halali ya uwindaji. Mwenye green card anaruhusiwa, na fomu itamtaka aandike namba yake ya uhamiaji. Kuihamishia bastola Kenya au Tanzania ni habari nyingine kabisa: kuitoa Marekani kunahitaji kibali cha serikali, na nyumbani leseni ndiyo hutangulia silaha, kwa Kenya kupitia Bodi ya Leseni za Silaha na kwa Tanzania chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Cheti cha SIG hapo hakina uzito wowote.

Mzunguko huu wa bastola za polisi una wapinzani, na hoja yao ina mashiko. Uchunguzi wa pamoja wa vyombo vya habari vya The Trace, Reveal na CBS News uliotoka mwaka 2024 ulionyesha kwamba zaidi ya silaha 52,000 zilizowahi kuwa za polisi zilikuja kuonekana kwenye matukio ya uhalifu kati ya mwaka 2006 na 2022. Mwaka 1998 New Orleans ilipokuwa jiji la kwanza kuwashitaki watengenezaji wa silaha, ilibainika kuwa jiji hilo hilo lilikuwa limebadilisha maelfu ya silaha kuukuu na zilizokamatwa kwa Glock mpya. Baadhi ya idara siku hizi zinazisaga bastola zao za zamani badala ya kuzirudisha, nazo zinalipa bei kamili kwa mpya. Cheti cha kiwanda hakigusi ubishi huo. Kinazungumzia springi na mtutu.

Ukifika kaunta, basi, usiharakie fomu. Mwombe muuzaji aondoe magazini, avute kipande cha juu nyuma na kukuonyesha chumba cha risasi kikiwa kitupu, kisha linganisha namba ya kwenye fremu na ya kwenye makaratasi. Angalia kama mtutu na kipande cha juu vina namba inayofanana na fremu kwa zile za zamani zilizochongwa hivyo. Zikitofautiana, huenda bastola iliunganishwa kutoka zaidi ya moja. Soma waranti: inamfuata mnunuzi wa pili au inakufa ukiiuza, inahusu mtutu au fremu tu, na gharama ya kuisafirisha kiwandani ni ya nani. Maduka mengi hayapokei tena mtumba ulioshatoka nao mlangoni, kwa hiyo kasoro ya bastola iliyotumwa kutoka jimbo jingine isemwe kabla hujasaini Fomu 4473, wakati bastola bado ni mali ya aliyeituma.