Drili ya betri ya kutoboa na kukaza: klachi, taya na biti

Ukishika drili ndogo ya betri, tazama pete iliyo nyuma tu ya taya zinazobana biti, yaani kile kipande cha chuma kinachotoboa au kukaza. Ina namba, kuanzia 1 hadi 15, 20 au zaidi, na baada ya namba ya mwisho pana kialama cha keekee. Pete hiyo ndiyo inayoifanya mashine hii ifanye kazi mbili: keekee ya kutobolea na bisibisi ya kukazia. Drili ya kutoboa tu haina pete hiyo.

Namba hizo ni za klachi. Klachi hukata nguvu pale skrubu inapoanza kugoma. Utaisikia yenyewe, tak-tak-tak: injini inazunguka lakini biti imesimama. Bila klachi, injini haijui kwamba skrubu imefika. Itaizamisha mpaka kichwa kipotee ndani ya mbao, au kikatike, au biti iparure msalaba wa kichwa mpaka libaki shimo la duara lisiloshikika tena. Kwa hiyo unaanza na namba ndogo, halafu unapanda mpaka skrubu ikae sawa na uso wa mbao. Kialama cha keekee maana yake klachi imefungwa na nguvu yote inakwenda kwenye biti, maana tundu halihitaji kukatiwa nguvu. Wako wanaoiacha pete kwenye kialama hicho tangu siku waliponunua, kisha wanazilaumu skrubu.

Juu ya mgongo kuna swichi ya gia. Gia ya 1 ni ya polepole na yenye nguvu, nayo ni ya kukazia na ya matundu mapana. Gia ya 2 ni ya kasi, kwa matundu madogo. Ibadilishe mashine ikiwa imesimama.

Volti zinawababaisha wengi kuliko inavyostahili. Betri ya lithiamu ina seli ndani yake, kila moja ya volti 3.6 hivi, na ikijaa kabisa hupanda kukaribia au kupita kidogo volti 4. Seli tano ni volti 18. Zikiwa zimejaa, 20. Ndiyo maana mashine iliyoandikwa 18 na ile iliyoandikwa 20 zinaweza kuwa na betri za aina ileile. Vivyo hivyo 10.8 na 12, ambazo ni seli tatu. Kwa kazi za nyumbani, yaani kufunga bawaba, kuunganisha kabati na kutundika rafu, ya volti 12 inatosha, na wepesi wake utaushukuru ukiwa umeinua mkono juu ya kichwa. Ya 18 ni ya atakayekaza skrubu ndefu siku nzima. Kabla ya kulipa angalia na betri: ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine, kwa hiyo unachagua familia nzima ya zana.

Taya nazo zina kipimo. Drili ndogo nyingi hubana shina la hadi milimita 10 kwa unene, kubwa zaidi hadi 13. Biti za kukazia huwa na shina la pembe sita la milimita 6.35, yaani robo inchi, na taya tatu hulishika vizuri sana kwa sababu kila taya inapata ubavu wake. Biti zenye shina la mifereji, za mashine kubwa za kutobolea zege, usizinunue kwa drili hii. Hazikutengenezewa taya hizi.

Sasa biti zenyewe. Hapa ndipo pesa kidogo inapoleta tofauti kubwa. Misalaba miwili ya vichwa vya skrubu inafanana sana, PH (Phillips) na PZ (Pozidriv). Sogeza kichwa cha skrubu karibu na jicho: ukiona vijistari vinne vyembamba katikati ya mikono ya msalaba, hiyo ni PZ. PH haina. Biti ya PH kwenye skrubu ya PZ inacheza, na inapocheza inaparura. Skrubu nyingi za mbao za unene wa milimita 3.5 hadi 5 zinatumia PZ2, yaani PZ ya ukubwa wa 2. Za bodi ya jasi huwa PH2. Mwenye uhuru wa kuchagua achukue skrubu zenye tundu la umbo la nyota kichwani, maana biti hukaa ndani yake bila kuteleza nje.

Za kutobolea hutofautiana kwa ncha. Ya mbao ina mwiba katikati unaoizuia isitangetange. Ya kutobolea chuma imetengenezwa kwa HSS, chuma kigumu kiitwacho chuma cha kasi. Ya ukuta ina kipande bapa cha kabidi, kitu kigumu kuliko chuma, mwishoni, lakini drili isiyogonga, yaani inayozunguka tu bila kupiga kama nyundo, itatoboa tofali laini tu. Kwenye zege utachoka wewe kabla ya ukuta.

Na mbao ngumu toboa kwanza ndipo ukaze, hasa karibu na ukingo, la sivyo itapasuka. Ukitaka kujua utumie biti ya kutobolea ya unene gani, ishike mbele ya skrubu uzitazame zikiwa sambamba: biti ifunike kiini cha skrubu, meno yaonekane pande zote mbili.