Swali la Pili kwenye Meza ya Maktaba

Mama mmoja mkulima kutoka Isyonje, juu kwenye milima ya Uporoto, aliingia maktabani kwetu asubuhi ya mvua mwezi Machi. Maktaba yetu ni ya chuo, hapa Mbeya, lakini mwananchi akija hatumrudishi. Alikung'uta khanga mlangoni, akasalimia, akasema anatafuta kitabu cha viazi.

Kwa mfumo wa Dewey tunaoutumia kupanga vitabu, kilimo kiko kwenye 630, na viazi mviringo vina namba yao kabisa, 635.21. Kijana wa zamu angeweza kumpeleka kwenye rafu na kumwacha hapo, na kwa jinsi wengi wetu tulivyofundishwa kazi hii, angehesabika amemaliza. Yeye alimvutia kiti, akauliza, "Mama, hivyo viazi vimepatwa na nini?"

Vinakauka. Mama akatoa simu. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam alikuwa amemtumia video ya mtaalamu wa nchi nyingine akieleza ugonjwa wa ukungu, naye kwa kuiamini alikwishanunua dawa ya ukungu mara mbili kwenye duka la pembejeo. Amepuliza, viazi vinaendelea kufa. Kijana akauliza tena: majani yanaanza kwa mabaka meusi, au yanalegea tu yangali ya kijani? "Yanalegea, mwanangu. Asubuhi yanainuka kidogo, mchana yanalala."

Hapo ndipo ilipojulikana wasome nini. Wakafungua pamoja sehemu inayoeleza mnyauko bakteria, ugonjwa ambao mkulima anaweza kuupima mwenyewe. Unakata kipande cha shina karibu na udongo, unakining'iniza kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa, unatazama. Kama ni mnyauko, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka penye mkato. Bakteria hao hukaa udongoni, husafiri na maji na mbegu iliyougua, na dawa ya ukungu haiwagusi. Kinachosaidia ni kung'oa mashina yanayougua pamoja na viazi vyake na kuvitoa shambani, kusafisha jembe, kutafuta mbegu safi, na kubadilisha zao: mahindi au ngano, wala usipande nyanya au pilipili, kwa kuwa hizo ni jamii moja na kiazi na zinaugua ugonjwa huohuo. Uamuzi wa mwisho tulimwachia mtaalamu. Tulimwandikia karatasi ya kumpelekea afisa ugani wa kata, na tukamwelekeza kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, ambacho kiko njiani mwake kurudi nyumbani.

Nimeanza na mama huyu kwa sababu watu wananiuliza, wakiwemo wanaopanga bajeti, kama maktaba bado ina kazi wakati kila mtu ana simu mfukoni. Mama alikuwa na simu. Alikuwa na jibu pia, tena limeelezwa vizuri na limemgharimu fedha. Alichokosa ni mtu wa kumuuliza swali la pili.

Kuuliza hivyo ni stadi inayofundishwa katika ukutubi, yaani taaluma ya kazi za maktaba. Mtu akifika mezani mara nyingi haulizi anachotaka kujua. Anauliza anachodhani maktaba inacho. "Mna vitabu vya sheria?" huenda maana yake shemeji amezuia shamba la marehemu. "Nataka kitabu cha kisukari" huenda ni majibu ya hospitali aliyopewa jana. Kazi yetu ni kulifikia hitaji lenyewe bila kumpekua mtu maisha yake, kumpa chanzo cha kuaminika, na kujua pa kuishia. Mkutubi hatibu na hahukumu. Anajua nani anatibu na nani anahukumu, na anajua namna ya kumfikisha msomaji huko akiwa na maswali yaliyonyooka.

Huduma ya maktaba za umma nchini ilianza na sheria ya 1963 iliyounda bodi yake, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka huohuo ilionyesha kuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Maktaba za mikoa, ikiwemo ya Mbeya na ya Iringa, zilikua katika hali hiyo: kitabu kilikuwa adimu, kikipotea hakirudi, na mkutubi alilazimika kuwa mlinzi. Mihuri, kaunta ndefu, begi liachwe mlangoni, ukimya. Siwalaumu waliotutangulia. Walilinda kilichokuwepo, na vitabu vingi vya Kiswahili vya miaka ya 1970 tulivyonavyo leo vimebaki kwa sababu yao.

Leo taarifa zimefurika. Kwa hiyo hata kifaa kilekile cha zamani, katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba, kimebidi kigeuke. Walio na umri wangu wanakumbuka makabati ya droo ndogondogo zenye kadi za sentimita 7.5 kwa 12.5, kila kitabu na kadi zake kwa mwandishi, kwa jina na kwa mada. Siku hizi maktaba nyingi zinatumia Koha, programu iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kazi Januari 2000. Jina lake kwa Kimaori ni zawadi, na kweli haina ada ya leseni. Msomaji anaandika neno moja, mashine inatafuta kote kwa sekunde.

Ila mashine inatafuta neno ulilolipa. Siku moja tulikaa nyuma ya wasomaji wetu, kwa ruhusa yao, tukatazama wanavyotafuta. Mmoja aliandika "viazi", akapata vitabu viwili. Tulikuwa na zaidi ya hivyo, lakini mada zake ziliingizwa kwa Kiingereza, kwa sababu orodha za mada tunazozifuata zilitungwa ng'ambo. Msomaji aliinuka akiamini hatuna. Fikiria ni wangapi wameinuka hivyo bila sisi kuwaona! Tangu siku hiyo tunaongeza maneno ya Kiswahili kwenye maelezo ya kila kitabu katika katalogi, na tunayaongeza kwa namna watu wanavyosema hasa: viazi mviringo, viazi ulaya, mbatata, mirathi na urithi, sukari na kisukari. Ni kazi ya polepole na haina picha ya kupeleka kwenye ripoti. Kwangu mimi hakuna badiliko la kiteknolojia lililomsaidia msomaji wetu kuliko hili, na halikuhitaji kununua chochote.

Intaneti nayo si sawa kwa wote. Mjini Mbeya au Iringa mtu analalamikia kasi. Ukipanda Makete au kushuka Ludewa kuna mahali analalamikia bando na mtandao wenyewe, na mvua ikinyesha umeme unakatika. Kwa shule za namna hiyo kuna njia inayofanya kazi vizuri, na ningependa walimu wakuu waijue. Ni kompyuta ndogo isiyozidi kiganja, kadi ya kumbukumbu, na betri. Ndani yake inawekwa programu kama Kiwix, inayobeba Wikipedia nzima, ya Kiswahili ikiwemo, na kusomeka bila intaneti. Kasha hilo linarusha wi-fi ya darasa moja, na vifaa vilivyo jirani vinaungana nalo bila kutumia bando. Walimu wengi wana vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 na kisha kugawiwa shuleni. Vinafaa sana hapo. Vitabu vya kiada vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na mwalimu anaweza kuvipakua akiwa mjini akarudi navyo. Mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024, aliyejua njia hii hakukaa kusubiri gari la vitabu.

Kuna hitaji lingine ambalo hakuna kozi ya ukutubi iliyolitaja wakati nasoma: maombi ya mtandaoni. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, foleni inahamia steshenari. Maombi ya chuo, mkopo wa Bodi ya Mikopo, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, na baadaye ajira. Binti mmoja alikuja kwetu analia kimyakimya. Mkopo wake ulikuwa na kosa la herufi moja kwenye jina la baba, dirisha la kurekebisha limebakiza siku mbili, na hawezi kuingia kwenye akaunti yake mwenyewe. Barua pepe aliyojazia ni ya kijana wa steshenari, neno la siri analo yeye, na steshenari imehama. Tulipiga simu huku na huku hadi jioni ndipo kijana akapatikana, na hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amewajazia wengi kwa barua pepe moja ili kuokoa muda.

Baada ya hapo tuliweka meza maalumu msimu wa maombi. Hatumjazii mtu. Tunakaa kando yake anajaza mwenyewe, polepole, hata kama ni mara yake ya kwanza kushika kipanya. Ukija kwenye maktaba yoyote kwa kazi hii, njoo na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako na ambayo hutaitupa, fungua barua pepe yako mwenyewe, na neno la siri liandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Ukimaliza, toka kwenye akaunti kabla hujainuka. Wakutubi nasi tuna wajibu: kompyuta za umma zipangwe zifute kila kitu mtumiaji anapoondoka, na rekodi za nani aliazima nini zisionyeshwe mtu asiyehusika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatugusa sisi pia. Mwenye kusoma kuhusu ugonjwa wake au ndoa yake ana haki jirani asijue.

Halafu imekuja akili mnemba. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, wanafunzi wanatuletea orodha za marejeo zinazong'aa: mwandishi, mwaka, jina la jarida, namba za kurasa. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza alituomba tumpatie makala kumi kuhusu kilimo cha parachichi Njombe. Nyingi hazikuwepo duniani. Majarida yalikuwa ya kweli, baadhi ya waandishi wa kweli, lakini makala hazikuwahi kuandikwa. Programu hizi hupanga maneno yanayoelekea kufuatana; hazichungulii rafuni kuona kama kitabu kipo. Hakuwa amekusudia kudanganya, na nilimweleza hivyo, nikakaa naye saa nzima kwenye hazina za kweli. Watu wengi hawajui kwamba vyuo vyetu vinaweza kusoma majarida ya utafiti kupitia Research4Life, mpango wenye Hinari kwa afya tangu 2002 na AGORA kwa kilimo tangu 2003.

Sizuii wanafunzi kutumia akili mnemba. Nawaambia waitumie kupata maneno ya kutafutia, kisha kila rejeo walishike kwa mkono: fungua jarida lenyewe, toleo lenyewe, ukurasa wenyewe. Lisipofunguka, lifute.

Kuhusu wasomaji wasioona, Tanzania ilijiunga mwaka 2020 na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu kitabu kugeuzwa kuwa breli, sauti au maandishi makubwa kwa ajili yao bila kusubiri idhini ya mwenye hakimiliki. Fursa hii tunaitumia kidogo mno, na maktaba za vyuo ndizo zenye vifaa vya kuanzia.

Lakini kama ningeruhusiwa kusema jambo moja tu kwa halmashauri zetu, ningesema habari ya viti. Nenda kwenye maktaba ya umma miezi ya kukaribia mtihani wa kidato cha nne. Wengi walioketi hawasomi vitabu vya maktaba. Wamekuja na madaftari yao, kwa sababu nyumbani ni chumba kimoja, redio inaimba, na taa ni ya mkopo. Zamani tuliwaona kama wanaojaza nafasi. Wako kwenye haki yao: meza, mwanga na saa mbili za utulivu ni huduma ya maktaba sawasawa na kuazimisha. Kwa hiyo kufunga saa kumi jioni, wakati mwanafunzi wa kutwa ndiyo kwanza anavua viatu, ni kumfungia mlango yule tuliyemjengea. Nyanda za Juu Julai jioni ni baridi kali. Chumba chenye dirisha zima na taa kinajaa chenyewe.

Shuleni tatizo ni funguo. Shule nyingi zina chumba kilichoandikwa "Maktaba", mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa wiki ndiye amekabidhiwa funguo, na vitabu vimebaki kwenye maboksi ya wafadhili. Chuo cha ukutubi kiko Bagamoyo tangu 1989 na wahitimu wapo. Kinachokosekana ni nafasi ya ajira yenye jina hilo shuleni. Wakati tukidai nafasi hizo, wanafunzi wenyewe wanaweza kufundishwa kusimamia kuazimisha. Nimeona kidato cha pili wakifanya hivyo kwa daftari la mistari na kalamu, na hakuna kitabu kilichopotea muhula mzima.

Ukiwa mzazi, kwenye kikao kijacho cha shule uliza mambo matatu: funguo za maktaba ziko kwa nani, hufunguliwa saa ngapi, na mara ya mwisho mwanafunzi kuazima kitabu ilikuwa lini. La tatu usikubali kujibiwa kwa mdomo. Omba uone daftari.