Rasimu ni nini, na kwa nini moja haitoshi

Wengi tumezoea kulisikia neno hili kwenye habari: rasimu ya sheria, rasimu ya katiba. Kwa insha ya darasani maana ni ileile. Rasimu ni andiko ambalo bado lina ruhusa ya kubadilika. Likishakabidhiwa, si rasimu tena.

Wanafunzi wengi, hata hivyo, huiona rasimu kama insha yenye mwandiko mbaya. Ukiwaambia waiandike upya, wanainakili vizuri, wanarekebisha tahajia, wanatoa "sana" na kuweka "mno", basi. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Nancy Sommers, alichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi 20 na waandishi wazoefu 20. Wanafunzi walihangaika zaidi na maneno. Wazoefu walikuwa wakitafuta umbo la hoja yenyewe, huku wakimfikiria msomaji atakayeipokea.

Tuseme insha inahusu umuhimu wa maji. Mwanafunzi anaanza: "Maji ni muhimu sana kwa maisha ya binadamu, wanyama na mimea." Sentensi haina kosa hata moja, na haina jambo hata moja. Anakwenda hivyo aya mbili nzima. Kwenye aya ya tatu, kalamu ikishachangamka, anaandika: "Kisima kikikauka, dada yangu huenda kuchota maji mbali na kukosa kipindi cha kwanza." Kumbe insha inaanzia hapo! Zile aya mbili za juu hazikuwa za bure, maana bila hizo pengine asingemfikia dada. Lakini rasimu ya pili haizihitaji. Anazifuta, anampandisha dada juu, kisha anaanza kujiuliza: kipindi cha kwanza huwa cha somo gani? Anaingia darasani akiwa amelowa? Mwalimu humwambia nini? Aya mpya zitatoka kwenye majibu hayo.

Kufuta kunauma, hilo nakubali, hasa aya uliyoitolea jasho. Kinachosaidia ni kuiweka rasimu kando usiku mmoja, halafu kuisoma kwa sauti. Macho huzoea makosa yake yenyewe. Sikio halina huruma hiyo. Ulimi ukijikwaa, au ukijikuta unasoma harakaharaka ili upite, tia alama pembeni kwa penseli.

Tahajia, vituo na herufi kubwa vije mwisho kabisa. Sioni faida ya kupanga mikato kwenye aya ambayo kesho itafutwa. Na sisi walimu hatukosi lawama: rasimu ya kwanza ikirudi imejaa wino mwekundu kila mstari, mwanafunzi anaelewa kwamba kazi iliyobaki ni kuondoa wekundu. Siku hizi mimi huandika swali moja tu pembeni: "Dada alifika darasani saa ngapi?"