Mabega Yanauma: Maswali Kuhusu Kusukuma Kiti cha Magurudumu

Niliumia uti wa mgongo, miguu haina nguvu. Nasukuma kiti kwa mikono kutwa na mabega yameanza kuuma. Nikazane tu?

Usikazane, tafadhali. Bega limeumbwa ili mkono ufike kila upande, halikuumbwa kubeba mwili. Sasa unalitegemea kwenda sokoni, kuhamia kitandani, kupanda gari. Ninachokiona mara nyingi ni visukumo vifupi vya harakaharaka. Kila kimoja ni mshtuko begani na kwenye kifundo cha mkono, ambako mshipa wa fahamu ukibanwa, vidole hufa ganzi.

Basi nisukume vipi?

Shika ringi, ile duara ya kushikia iliyo ubavuni mwa gurudumu kubwa, nyuma kidogo ya kilele cha gurudumu, sukuma kwa utulivu hadi mikono ifike mbele, kisha achia. Sasa angalia mikono inavyorudi: isipite juu ya ringi. Iache idondoke, irudi nyuma kwa chini, kama unachora nusu duara ubavuni. Kiti kinateleza chenyewe huku misuli ikipumua, na visukumo vinapungua ingawa mwendo ni uleule. Anzia kwenye sakafu laini ya saruji.

Mdogo wangu aliumia shingoni, vidole havishiki. Ataweza?

Inategemea pingili iliyoumia. Akiumia ya sita, kwa kawaida hukunja kiwiko na kuinua kifundo cha mkono, ila kunyoosha kiwiko ndiko kugumu. Hivyo hukandamiza ringi kwa viganja kutoka pembeni, akiivuta kutoka nyuma. Glavu zenye mpira kiganjani humsaidia sana, na ringi ikizungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli haitelezi. Mteremkoni awe mwangalifu: kiganja kisichohisi kinaweza kuungua kwa msuguano bila yeye kujua. Kitazameni kila jioni.

Je, kiti chenyewe kinachangia?

Tena sana. Weka mkono juu ya ringi: kiwiko kikunjike kati ya nyuzi 100 na 120. Kikinyooka, umekaa juu mno. Mabega yakipanda, umekaa chini mno. Ekseli ya nyuma, yaani chuma kinachoshika magurudumu makubwa, ikisogezwa mbele kidogo, kiti huwa chepesi kusukuma, lakini pia hupinduka nyuma kwa urahisi, kwa hiyo fundi aisogeze taratibu na mtu asimame nyuma yako unapojaribu. Kuhusu tairi, libonyeze kwa dole gumba. Likibonyea, tia upepo kabla hujatoka.